Mkono Uliosubiri Zamu Yake

Mwaka 2000 shirika la anga la Marekani, NASA, lilifuta safari ya chombo ambacho mafundi walikuwa wamekwisha kukijenga kwa sehemu kubwa. Kilikuwa kiondoke mwaka uliofuata kwenda kutua Mirihi. Lakini vyombo viwili vilivyokitangulia vilikuwa vimepotea huko huko, kimoja Septemba 1999 na kingine Desemba ya mwaka ule ule. Cha kwanza kilipotea kwa sababu ambayo walimu wa fizikia hawachoki kuisimulia: upande mmoja ulikokotoa msukumo kwa pauni, upande wa pili ukazisoma namba zile zile kama nyutoni. Baada ya aibu hiyo, safari ya tatu ya namna ile haikuwa na mtetezi. Chombo kikafunikwa, kikawekwa.

Kilikuwa na mkono. Mkono mwembamba wenye viungo vinne, viwili begani, kimoja kwenye kisugudi na kimoja kwenye kifundo, na mwishoni kijiko cha chuma. Ulijengwa kwa kazi kubwa moja: kuchimba udongo wa Mirihi na kuulisha kwenye vifaa vya kupimia. Ulifika Mirihi kweli, lakini Novemba 2018, ukiwa umefungwa kwenye chombo kingine kabisa kilichoitwa InSight. Ukafanya kazi huko kwa zaidi ya miaka mitatu. Ulibeba, ulibonyeza, ulisukuma, ulifukia, hata ulisaidia kufuta vumbi. Kulisha vifaa udongo, ile kazi iliyofanya uzaliwe, haukuifanya hata mara moja.

Mimi si mhandisi. Ninasoma historia ya mashine kama wengine wanavyosoma historia ya wafalme, na kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia ukoo huu wa mikono iliyotumwa kwenye Mwezi na kwenye sayari. Nilianza nikitegemea hadithi ya maendeleo, yaani kila mkono ukiwa bora kuliko uliotangulia. Maendeleo yapo. Lakini kilichonishika ni kitu kingine: karibu kila mkono katika ukoo huu ulijikuta unafanya kazi ambayo haikuandikwa popote kwenye michoro yake, na mara kadhaa kazi hiyo ndiyo iliyookoa safari nzima. Swali langu likawa hili: mtu anabunije kitu kwa ajili ya kazi asiyoijua?

Turudi Aprili 1967. Chombo Surveyor 3 kilishuka kwenye Mwezi na kugusa ardhi, kikaruka tena, kikagusa tena, kikaruka tena, kwa sababu injini zake za kushukia hazikuzimika kwa wakati. Kilipotulia mwishowe kilikuwa kimekaa mteremkoni ndani ya shimo pana. Ubavuni mwake kulikuwa na mkono wa kwanza katika historia kuchimba ardhi isiyo ya dunia hii. Usifikirie mkono wa roboti wa kwenye filamu. Fikiria yale mageti ya chuma ya madukani yanayokunjwa pembeni asubuhi, vyuma vilivyopishana kama mikasi mingi iliyounganishwa. Ulikunjuka namna hiyo, ukafika kama mita moja na nusu, na mwisho wake kilikuwepo kijiko chenye upana wa sentimita 5 na mlango mdogo wa kujifunga.

Aliyeusimamia alikuwa Ronald Scott, mtaalamu wa udongo kutoka chuo cha Caltech. Nasema udongo kwa maana ya ujenzi hasa: watu wa fani yake ndio wanaoitwa kuangalia kama kiwanja kitabeba ghorofa. Na swali aliloletewa lilikuwa la aina hiyo hiyo. Miaka ya 1950 mtaalamu wa falaki Thomas Gold alikuwa ametoa hoja kwamba sehemu za Mwezi zimefunikwa na vumbi la kina kirefu. Kufikia 1967 vyombo viwili vitatu vilikuwa vimetua bila kuzama, hivyo hofu kubwa ilikuwa imepungua, lakini kati ya "hakijazama" na "mtu anaweza kusimama, kutembea na kuchimba" kuna pengo, na pengo hilo Scott alitakiwa kulijaza kwa kijiko.

Akiwa Pasadena, California, pamoja na mwenzake Floyd Roberson, alituma amri moja, mota ikazunguka kidogo, kamera ikapiga picha, wakaitazama, wakatuma amri nyingine. Ishara huchukua sekunde moja na kidogo kufika Mwezini, kwa hiyo kazi ilikaribia kuwa ya ana kwa ana, ila kwa mwendo wa konokono. Kwa jumla mkono ulifanya kazi saa 18 na dakika 22, kwa vipindi kumi. Ulibonyeza ardhi mara saba, ukaidondokea kwa kishindo mara 13, ukachimba mitaro minne. Ukachota udongo na kuumwaga juu ya unyayo wa chombo chenyewe ili kamera iuone vizuri. Jibu likapatikana: ule udongo ulikuwa na tabia inayofanana na ya mchanga mbichi, ulishikamana, kuta za mtaro zilisimama.

Miaka miwili na nusu baadaye, Novemba 1969, Pete Conrad na Alan Bean wa Apollo 12 walitua umbali usiofika mita mia mbili kutoka pale. Wakatembea hadi kwenye chombo kile na mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, wakakata kamera, wakakata na kijiko, wakavirudisha nyumbani.

Hiyo ni sehemu inayojulikana. Inayonivutia zaidi ni ya Surveyor 7, iliyotua Januari 1968 karibu na shimo kubwa la Tycho, ikiwa na mkono wa aina ile ile. Safari hii chombo kilikuwa pia na kisanduku cha kupima kemia ya ardhi, kazi ya Anthony Turkevich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago. Kisanduku kilitakiwa kishushwe polepole kwa kamba hadi chini. Kiliposhuka nusu kikakwama, kikabaki kinaning'inia hewani, kama neno la hewani linafaa mahali pasipo na hewa. Bila kugusa ardhi hakikuwa na maana yoyote.

Basi wakauleta mkono. Hakuna aliyekuwa ameubuni kusukuma kifaa cha watu wengine. Ulikuwa wa kubonyeza udongo. Lakini ulifika pale, ulikuwa na nguvu kiasi, na kamera iliweza kuuona ukifanya kazi. Wakaukishusha taratibu juu ya kisanduku, wakakisukuma, wakasahihisha, wakakisukuma tena, hadi kikakaa ardhini. Kisha, wakiwa wamekwisha kuona kinachowezekana, wakakinyanyua na kukihamishia kwenye jiwe, halafu kwenye udongo uliochimbwa, wakapata vipimo vya sehemu tatu badala ya moja. Jua lilipokizidishia joto, mkono ukakikingia kivuli. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado naipenda sehemu ya kivuli kuliko zote.

Kiswahili kinasema mkono kwa chote, kuanzia begani hadi ncha za vidole. Lugha nyingine hugawa, hili ni hili na lile ni lile. Kwa mashine hizi nadhani lugha yetu imepatia, maana mhandisi hawezi kubuni kiganja bila kulipia begani. Mtu yeyote aliyewahi kubeba ndoo ya maji anajua: ukiibana karibu na mwili unatembea nayo, ukiinyoosha mbele yako hata nusu dakika hufiki. Gramu moja ya ziada kwenye ncha ya mkono inadai mota kubwa zaidi kwenye kifundo. Mota hiyo nayo ni mzigo kwa kisugudi, kisugudi ni mzigo kwa bega, bega ni mzigo kwa chombo, na chombo chote ni mzigo kwa roketi. Kwa hiyo mikono hii ni myembamba, inatembea polepole mno, na mota zake ni ndogo sana, zikizidishiwa nguvu na msururu wa gia.

Halafu baridi. Usiku wa Mirihi hushuka hadi nyuzi 90 chini ya sifuri na zaidi. Mafuta ya kulainishia gia huganda, kwa hiyo viungo huwa na vipasha joto vya umeme, na asubuhi mkono hupashwa kwanza kama injini ya lori kabla ya kuambiwa usogee. Halafu umbali. Kati ya Dunia na Mirihi ishara huchukua dakika 3 hadi 22 kwenda tu, kutegemea sayari zimekaaje. Kuuendesha mkono kama anavyofanya dereva wa kijiko barabarani, anayeona na kuvuta usukani, haiwezekani. Unaandika amri za siku nzima, unazituma, unalala, na kesho yake unaangalia picha kujua kama umevunja kitu.

Viking 1 ilitua Mirihi tarehe 20 Julai 1976 ikiwa na mkono wa kuchekesha. Ulikuwa tepu. Mabati mawili membamba yameunganishwa kingo kwa kingo, yakikunjwa yanalala bapa na kuviringwa kama futi ya fundi, yakiachiwa yanajitanua kuwa bomba linalojibeba lenyewe hadi mita tatu. Kwa uzito wake nadhani hakuna aliyewahi kubuni kitu cha werevu zaidi. Kazi yake ilikuwa nzito kuliko umbo lake: kuchota udongo kwa ajili ya maabara ndogo iliyokuwa inatafuta dalili za uhai.

Siku mbili baada ya kutua mkono ukagoma. Ulitoka kidogo, ukarudi, ukakwama. Watafutaji wa uhai kwenye sayari nyingine wakawa wamezuiwa na pini. Kulikuwa na pini ndogo iliyoushikilia mkono usicheze wakati wa kuruka, na pini hiyo ilitakiwa idondoke yenyewe mkono unyooshwapo. Mafundi wakafanya zoezi lile lile kwenye nakala ya chombo iliyokuwa Duniani, wakagundua kwamba amri walizotuma hazikuunyoosha mkono umbali wa kutosha kuiachia pini. Wakatuma amri mpya: nyoosha zaidi. Pini ikaanguka, na kamera ikaipiga picha ikiwa chini mchangani. Tarehe 28 Julai udongo wa kwanza ukachotwa.

Kilichouponza mkono ni kile kile kilichowekwa kuulinda. Lakini jambo ninaloomba msomaji alishike ni nakala. Bila nakala ya mkono nyumbani, wangekuwa wanakisia tu.

Viking 2, iliyotua Septemba ya mwaka ule, ikaenda mbali zaidi. Wanasayansi walitaka udongo ambao haujachomwa na miale ya jua, yaani wa chini ya jiwe. Hivyo tepu ile ya bati, ambayo ungedhani itapinda ukiitazama kwa jicho kali, ikatumwa kusukuma mawe pembeni. Ikayasukuma.

Warusi walichagua njia nyingine, na kwa mahali walipokuwa wanakwenda walikuwa sahihi. Zuhura ina joto la zaidi ya nyuzi 450 juu ya ardhi. Chombo hakiishi hapo siku, kinaishi dakika. Venera 14 iliishi dakika 57 mwezi Machi 1982. Hakuna nafasi ya kutuma amri, kutazama picha na kutafakari, kwa hiyo mkono wake wa kupimia ugumu wa ardhi ulikuwa wa springi: unafyatuka mara moja, unagonga, unapima, basi. Vifuniko vya kamera vilikuwa vimeachiwa vidondoke chini baada ya kutua. Mkono ukafyatuka, na kama inavyosimuliwa katika vitabu vingi, ukagonga kifuniko cha kamera. Ukapima ugumu wa kitu kilichotengenezwa Urusi. Watu husimulia hilo kama mzaha, nami hucheka, lakini huwa nawaonea huruma. Mkono wa kazi moja, mara moja, hauna pa kukimbilia bahati ikigeuka.

Nitayapita haraka mengi yaliyofuata. Mwaka 2004 zilitua Mirihi gari mbili ndogo, Spirit na Opportunity, kila moja na mkono wa viungo vitano uliobeba vifaa vya kuchunguzia mawe. Opportunity ilitua na tatizo: kipasha joto cha bega kilikwama kikiwa kimewaka. Wakati sehemu nyingine zinaganda usiku, bega lilipashwa. Miaka ya kupanda na kushuka kwa joto ikalidhoofisha, na mwishoni mwa 2005 bega likaanza kukatalia. Nikisoma taarifa za mafundi namwona mzee mwenye baridi yabisi, na sijui neno linalofaa zaidi. Waliogopa kuukunja mkono kifuani kama ilivyopangwa, usije ukakwama humo milele na kuziba kila kitu. Kwa hiyo mwaka 2008 wakaamua gari litembee mkono ukiwa nje mbele, jambo ambalo halikuwa katika mpango. Lilitembea hivyo hadi mawasiliano yalipokatika Juni 2018 katika dhoruba ya vumbi. Miaka kumi, mkono umetangulia.

Ndugu yao mkubwa, Curiosity, iliyotua Agosti 2012, ilibeba tindo la umeme kwenye ncha ya mkono wa mita mbili na zaidi. Desemba 2016 mota inayosogeza tindo mbele na nyuma ikafa. Ilionekana kama mwisho wa kutoboa mawe. Ikawachukua zaidi ya mwaka kupata njia: waliliacha tindo likiwa limetoka nje moja kwa moja, na mkono mzima ukawa ndio unaolisukuma kwenye jiwe, kama fundi anavyoegemea drili kwa bega. Ili kuhisi kama drili inakwenda kombo walitumia kihisio cha nguvu ambacho awali kiliwekwa kwa jambo jingine, kuusimamisha mkono ukipata mtikisiko mkubwa wa ghafla. Kengele ya hatari ikageuzwa kuwa hisia ya mguso. Mei 2018 wakatoboa tundu la sentimita 5 kwenye jiwe, la kwanza tangu mota ife.

Mwezi huo huo, tarehe 5, ule mkono wa stoo uliondoka Duniani.

InSight haikuhitaji mchimbaji. Ilikuwa na sismomita ya Wafaransa, chombo cha kusikiliza matetemeko chenye usikivu wa ajabu, na kifaa cha Wajerumani cha kupima joto linalotoka tumboni mwa sayari. Vyote vilitakiwa vishushwe kutoka juu ya chombo na kuwekwa ardhini. Hilo lilikuwa halijawahi kufanywa na roboti kwenye sayari yoyote nyingine. Badala ya kujenga mkono mpya, maabara ya JPL ilifufua ule wa 2001. Kijiko kikaachwa palepale. Wakaongeza kamera, na kishikio cha vidole vitano kinachoning'inia kwenye kebo mwisho wa mkono.

Vidole hivyo nimevitazama sana kwenye picha. Hujifunga vyenyewe kwa springi kuzunguka kishikizo chenye umbo la mpira. Kuvifungua ndiko kunakohitaji umeme: nta hupashwa joto, hutanuka, na kusukuma vidole viachane. Maana yake ni kwamba umeme ukikatika katikati ya kazi, vidole vinabaki vimeshika. Aliyebuni hivyo alijiuliza swali la yaya, si la fundi: nikizimia ghafla, mtoto ataanguka?

Kiongozi wa kikundi kilichouendesha mkono huu alikuwa Ashitey Trebi-Ollennu, mzaliwa wa Ghana, aliyejiunga na JPL mwaka 1999. Ni mtu anayejulikana pia kwao kwa kuanzisha taasisi inayofundisha vijana wa shule kujenga roboti. Usiku wa Novemba 26, 2018, saa tano kasoro kwa saa zetu za Afrika Mashariki, nilikuwa nikitazama kutua kule kwenye simu, bando likinisaliti kila dakika mbili. Jina lake nililijua baadaye. Ninakiri kwamba nililisoma mara mbili tatu kwa furaha ya kijinga kidogo.

Tarehe 19 Desemba mkono ukaishusha sismomita ardhini. Februari 2019 ukaifunika kwa kifuniko cha kuikinga na upepo, kisha ukashusha kifaa cha Wajerumani. Kwa hesabu za karatasi, kazi ya mkono ilikuwa imekwisha. Kila kitu kilichopaswa kuwekwa chini kilikuwa chini.

Kifaa cha Wajerumani kiliitwa kwa jina la mnyama: fuko. Kilikuwa msumari wa urefu wa sentimita 40 wenye nyundo ndani yake. Ulitakiwa ujipigilie chini hadi mita tatu, ikiwezekana tano. Lakini msumari unaojipiga wenyewe hurudi nyuma kwa kila pigo, na kinachouzuia usirudi ni udongo unaoukumbatia ubavuni. Udongo wa pale haukukumbatia. Ulikuwa na ganda lililoshikamana, na badala ya kuporomokea kwenye fuko uliacha tundu pana kulizunguka. Fuko likapiga na kupiga, likafika sentimita 30 na kitu, likabaki linacheza pale pale.

Basi wakauleta mkono. Sentensi hiyo hiyo, miaka 51 baada ya Surveyor 7.

Kwanza ukaondoa kibanda kilicholiegemeza fuko ili watu waone. Ukabonyeza udongo wa pembeni ili tundu liporomoke, udongo ukakataa. Oktoba 2019 ukaligandamiza fuko ubavuni kwa kijiko, ukiwa ndio msuguano ambao udongo ulinyima. Fuko likasonga! Sentimita mbili hivi. Tarehe 26 Oktoba likafanya kinyume: katikati ya kupiga likajirudisha juu, nusu yake ikatoka nje ya ardhi. Nakumbuka ile picha ilivyosambaa.

Mwaka 2020 wakajaribu jambo walilokuwa wamelikwepa, kulibonyeza kisogoni. Walilikwepa kwa sababu kisogoni ndipo kebo inapotokea, na kebo ikikatwa na kijiko hakuna tena fuko. Kila mara kijiko kilishushwa kidogo zaidi ya pale kilipogusa, ili wembamba wa mkono wenyewe uwe springi inayofuata fuko likishuka. Fikiria kufanya hivyo kwa amri zinazoandikwa leo na kujibiwa kesho. Likazama hadi likawa sawa na ardhi. Wakalifukia, wakakandamiza udongo juu yake. Januari 9, 2021 likapiga mapigo 500 ya mwisho. Halikusonga. Wakaliacha.

Kwa hiyo mkono ulishindwa, na ninaona ni vizuri kusema hivyo bila kuzungukazunguka. Joto la ndani ya Mirihi halikupimwa. Wapo waliosema miezi yote ile ilikuwa ya bure, na ukihesabu kwa matokeo tu wana hoja. Mimi naangalia kitu kingine. Mkono ulioshindwa kulizamisha fuko ulikuwa umewafundisha waendeshaji wake unapinda kiasi gani, unagusa vipi, udongo ule unamiminika namna gani. Mafunzo hayo hayakukaa muda mrefu bila kazi.

InSight ilikuwa inakufa kwa vumbi. Vumbi lilikuwa linafunika paneli zake za sola na hapakuwa na kifagio. Kifagio ni uzito, na Spirit na Opportunity zilikuwa zimesafishwa mara kwa mara na vimbunga vidogo vya bure. Vimbunga vya pale InSight ilipotua vilipita vingi bila kusafisha chochote. Wakajaribu kuzitikisa paneli kwa mota zilizozifungua, hakuna kitu. Mei 22, 2021 wakafanya jambo ambalo mama yeyote mwenye akili angelikataza: wakachota mchanga kwa kijiko na kuumwaga polepole kando ya paneli, saa ya upepo, ili kupunguza vumbi. Hawakuumwaga kwenye vumbi lenyewe. Chembe za mchanga, zikiwa kubwa kuliko za vumbi, zilirukaruka na upepo juu ya paneli na kila zilipodunda ziliondoa vumbi kidogo. Umeme wa siku ukapanda kwa takriban saa-wati 30. Wakarudia mara kadhaa. Kijiko kilichosubiri stoo tangu karne iliyopita kiliongezea sismomita miezi ya uhai, nayo kwa jumla ilisikia matetemeko zaidi ya 1,300.

Kwa hiyo, mtu anabunije kwa kazi asiyoijua? Nilitegemea jibu liwe nguvu za ziada, na sikulipata humo. Hakuna hata mmoja kati ya mikono hii uliokuwa na nguvu za kubakiza, uzito haukuruhusu. Nilichokiona kinajirudia ni vitu vya unyenyekevu zaidi. Mkono ufike mahali pengi kuliko inavyohitajika, pamoja na mwilini mwa chombo chenyewe. Kamera iweze kuuona ukifanya kazi. Nakala yake ibaki nyumbani, na iendelee kutunzwa hata baada ya watu kuacha kuisifu. Na sehemu zisiondolewe kwa sababu tu karatasi inasema hazihitajiki: InSight haikuwa na sababu ya kwenda na kijiko. Methali inasema mkono mmoja haulei mwana. Vyombo hivi vyote vilipewa mmoja.

Masika ya 2022 umeme ulikuwa umepungua hadi ikabidi wachague. Mei 4 sismomita ilisikia tetemeko la kipimo cha 4.7, kubwa kuliko yote iliyowahi kuyasikia, na ikaamuliwa kwamba yenyewe ndiyo itakayokula umeme uliobaki. Mwezi huo huo mkono ukaagizwa ujiweke katika mkao ambao wahandisi waliuita wa kustaafu, vipasha joto vyake vikaachwa vipoe. Sismomita iliendelea peke yake pale ulipoiweka. Mara ya mwisho InSight kusikika ilikuwa Desemba 15, 2022.